Hodhi Lisilobebeka

Kila kitu alichokuwa nacho mama yangu kilipimwa kwa shingo. Sufuria aliiweka kwanza kichwani, pale pale dukani, juu ya ngata ya khanga, akatembea nayo hatua chache huku mwenye duka akimwangalia, ndipo akauliza bei. Godoro alilikunja kwanza kuona kama linakunjika. Meza ya chakula hatukuwa nayo, kwa sababu meza haikai kichwani wakati kuna mtoto mgongoni. Nilikulia Ujiji nikidhani wanawake wote hununua vyombo namna hiyo, mpaka siku niliyokwenda kwa rafiki yangu wa shule nikakuta kabati la vyombo lenye vioo, pana kuliko mlango, na nikawaza kwa hofu ya kweli: hawa wakikimbizwa watalitoaje?

Mama alivuka ziwa akiwa msichana, kutoka upande wa Burundi, ndani ya mtumbwi uliojaa watu mpaka maji yakawa yanachungulia ndani. Nyanya alikuwa na kinu. Kinu cha mti mzito, alichopewa na mama yake siku ya harusi, na alikibeba kutoka nyumbani mpaka ufukweni akikataa kusaidiwa. Mwenye mtumbwi akamwambia achague, kinu au mtoto wa mwisho. Hakuwa anamtisha, alikuwa anapima uzito tu. Nyanya akakiacha kinu kwenye mchanga, kimesimama wima, kama mtu atakayerudi jioni kutwanga. Mama alinisimulia jambo hilo mara moja, akiwa anachambua dagaa, na hakuinua macho. Tangu kinu kile hakupenda tena kitu kizito.

Ndiyo maana hakuna aliyemwelewa mwaka ule alipotaka hodhi.

Ilianza na nyonga. Mama alikuwa akianika dagaa Katonga tangu kabla sijazaliwa. Mwanika dagaa huamka ziwa likiwa bado na baridi ya usiku, huingia majini mpaka magotini kupokea mabeseni kutoka kwenye boti, kisha huinama juu ya mchanga mpaka jua liwe kali, akitandaza na kugeuza, akitandaza na kugeuza. Baridi ilimwingia nyonga ikakaa humo kama mpangaji. Ikafika wakati akiinuka kutoka kwenye kigoda anashika ukuta, na akishika ukuta anajifanya kuna kitu anakitafuta. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge, na ushauri ambao ulikuwa mwepesi mdomoni: kila jioni akae kwenye maji ya moto, yamfike kiunoni, akae mpaka yapoe.

"Akae ndani ya nini?" baba aliuliza tuliporudi.

"Hakusema," mama akajibu.

"Basi yeye analo."

Baba yangu ni Muha wa Mwamgongo, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, mtu wa maneno machache na karibu yote yana kona. Mwaka ule alikuwa na kazi kuliko miaka yake yote. Watu waliokimbia Burundi walikuwa wakifika Kagunga, kijiji cha mpakani, makundi kwa makundi, wakilala ufukweni katikati ya mlima na maji, na kila boti yenye injini ilikuwa ikienda na kurudi mpaka injini zikaanza kukohoa. Baba alizirudishia uhai moja baada ya nyingine. Alirudi nyumbani ananuka petroli, na mfukoni alikuwa na pesa ambayo hakujua aifurahie vipi. Mama alijua inatoka wapi. Aliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea kila kitu, akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kwa muda mrefu hakuigusa.

Meli ilipoanza kuwaleta watu wale mjini, mama alikwenda bandarini. Nilimfuata. Alisimama nje ya geti kwenye jua, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, akizitazama nyuso zinazoshuka. Alikuwa anamtafuta dada yake, aliyerudi kwao miaka ile watu walipoambiwa kuna amani. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto na kigodoro alimsogelea akamuuliza kwa Kirundi maji ya kunywa yako wapi. Mama alielewa. Nilimwona akielewa, ule uso wake ulivyofunguka kidogo na kufungwa. Akamjibu kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni, kwamba amuulize askari. Kisha akanishika mkono tukaondoka. Njiani nyonga ilimkamata, akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, magari ya mashirika yakitupita na vumbi lake.

"Ile pesa," alisema, bila mimi kumuuliza kitu, "tutanunulia hodhi."

Tulianza na plastiki, kwa kuwa baba ndiye aliyechagua pa kuanzia. Katika duka moja la vyombo Mwanga kulikuwa na beseni la bluu kubwa kuliko yote niliyowahi kuona, limetundikwa ukutani kama ngao. Kijana wa duka alilishusha akaligonga kwa kiganja.

"Mama, hili ni balaa. Hata waheshimiwa wanaoga humu. Ingia tu, kujaribu ni bure."

Mama akavua kandambili, akaingia, akakaa katikati ya duka magoti yakimfika kidevuni. Watu waliokuwa wananunua ndoo waligeuka.

"Umekuwa kama kuku anayelalia," baba akasema.

"Na yai lenyewe ni wewe. Miaka yote nakulalia, huanguliwi."

Kijana wa duka alicheka mpaka akashika rafu. Hata mama alitabasamu. Kisha akatoka, akalishika beseni ukingoni kwa mkono mmoja, akaliinua juu, na tabasamu likaondoka.

"Linabebwa na mtu mmoja," alisema.

"Si ndio uzuri wake, mama."

"Ndio ubaya wake."

Baba alimtazama mkewe kana kwamba amemsikia akiongea Kichina. Mimi nilifikiri nyonga imepanda kichwani. Tulitoka dukani bila beseni, na kijana akapaza sauti nyuma yetu kwamba tutarudi, kila mtu hurudi.

Mafundi wa kuchomelea walikuwa kando ya barabara ya kwenda Ujiji, na nyuma ya kibanda chao walirundika mapipa yaliyowahi kubeba mawese. Kila pipa lilikuwa bado na mstari mwekundu mdomoni. Fundi alieleza kwa mikono: analipasua kwa urefu, anakunja kingo zisikate mtu, anachomelea miguu, moto unawashwa chini. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote tulizozisikia, na baba alishaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Hakuna tena kubeba maji ya moto," fundi akasema. "Unawasha, unaingia, unastarehe."

"Na nani atakuwa ananichoma na kijiti kuona kama nimeiva?" mama akauliza.

"Mzee, huyu mama umemtoa wapi?"

Lilikuwa swali la utani tu. Lakini Kigoma mtu akiuliza swali hilo hajui anakanyaga wapi. Mama alikuwa ameinama juu ya nusu ya pipa lililokwisha kupasuliwa, limelazwa juu ya miguu yake mifupi.

"Tulipofika upande huu," alisema, na hakuwa anamwambia fundi, "uji ulipikwa kwenye hili. Hivi hivi, limelazwa, lina miguu. Tulipanga foleni na vikombe. Nilikuwa na umri wa huyu." Akanionyesha kwa kidevu. "Nimekula humu. Siwezi kukaa humu."

Fundi akasema anaweza kulipaka rangi.

"Rangi gani?" mama akauliza kwa upole kabisa, na nikajua pale tumemaliza.

La tatu lilikuwa hodhi la kweli. Shirika moja la misaada lilikuwa limefunga nyumba yake zamani, wakimbizi wa awamu ile ya mwanzo walipopungua, na mlinzi wake alikuwa amebaki na vitu ambavyo hakuna aliyekuja kuvichukua. Aliishi juu kwenye mlima wa Bangwe. Hodhi lilikuwa limelala chini ya mpapai, la chuma, limepakwa ile rangi nyeupe ya kung'aa, na kuku walikuwa wanakunywa humo maji ya mvua. Mama alilipapasa ukingo wake taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mwenyewe. Alilipenda. Nilimwona akilipenda, na nikaanza kuomba Mungu kimya kimya.

"Linabebwa na watu wangapi?" akauliza.

"Wanne, mama. Lakini kwa kuwa ni wewe, nakupunguzia."

"Wanne wa kawaida?"

"Wa kawaida kabisa. Haya, napunguza tena. Nami nina watoto."

"Na wakija na gari?"

"Na gari ni kufumba na kufumbua. Mama, sema basi wewe umekuja na ngapi."

Kila alipouliza, mlinzi alishusha bei. Alidhani amekutana na mnunuzi mkali kuliko wote wa mkoa huu. Baba alishaingiza mkono mfukoni, maana bei ilikuwa imeshuka mahali ambapo hata aibu iliingia kidogo, na ndipo mama alipomshukuru yule mtu, akamwombea heri kwa watoto wake, na kuanza kuteremka mlima.

Baba alimfikia kwenye kona. "Ulikuwa unachagua hodhi pale, au kaburi?"

"Yote mawili hayatakiwi kuhamishwa."

"Hodhi linahamishwa. Lingekuwa halihamishwi lisingekuwa kwa mlinzi."

"Ndiyo maana silitaki." Alisimama kuipumzisha nyonga. Chini yetu ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya kisu, na ng'ambo ile milima ya Kongo ilikuwa karibu kama nyumba ya jirani. "Nimebeba kila kitu changu tangu nina umri wa huyu mtoto. Nataka kitu kimoja tu. Kitu ambacho mtu akija kuniambia toka, akitazame yeye mwenyewe, aone kazi."

Baba aliinama. Aliokota kijiwe, akakitupa bondeni.

"Basi ni saruji," alisema.

"Ego," mama akajibu, ndiyo, kwa lugha ile aliyoikataa bandarini.

Tukateremka tumefurahi. Baba akapiga hesabu ya mifuko ya saruji kwa sauti, mama akabishana naye juu ya mchanga, na mimi nikatangulia mbele nikirukaruka. Katika furaha ile yote hakuna hata mmoja wetu aliyetaja nyumba. Watu wengine wangeanza na nyumba. Mwenyeji kabla ya kuchomeka msumari hujiuliza ukuta ni wa nani. Mama hakuwahi kuwa na ukuta wa kuuliza habari zake. Kwake uzito ndio uliokuwa umiliki. Kinu kiliachwa kwa kuwa kilikuwa kizito, basi kitu kizito kupita kinu, alifikiri, kitamshikilia yeye.

Nyumba ilikuwa ya kupanga. Mwenye nayo alikuwa mjane Mmanyema aliyekaa nyumba ya pili, na uwanja wa nyuma tuliutumia pamoja. Mwezi wa Ramadhani alituletea futari ingawa sisi ni watu wa kanisani, na mama hakuwahi kurudi kutoka Katonga bila kumpelekea dagaa wa kwanza kukauka. Alimwita mama "mwanangu", na mama akamwita "mama". Kwa mtu ambaye mama yake amezikwa kambini na dada yake haonekani kwenye meli, neno hilo halikuwa la adabu tu.

"Jenga, mwanangu," bibi alisema mama alipompelekea ombi. Alikuwa anammiminia chai ya tangawizi, akiinua birika juu kama kawaida yake. "Uwani pale kuna nini zaidi ya mbuzi wa watu wanaokuja kunyea? Jenga. Nikufukuze wewe, nimpangishe nani? Mgebuka?"

Walicheka wote wawili. Mgebuka ni samaki wetu wa kila siku, na bibi aliweza kulitamka kama jina la mtu mpuuzi.

Mwashi alianza kazi baada ya wiki chache. Alichimba chini, akapanga mawe tuliyoyabeba kutoka ufukweni, akasuka nondo alizozipata baba kwenye mabaki ya gati. Mama alisimama juu ya kichwa chake.

"Ongeza saruji."

"Imetosha, mama."

"Ongeza."

"Mama, niambie ukweli tu nijipange. Tunajenga bafu au tunajenga bandari?"

"Wewe ongeza."

Lilikuwa refu kiasi cha mtu kukaa amenyoosha miguu na kuegemea. Chini kulikuwa na tundu la bomba la kumwagia maji kwenye migomba, na kizibo cha mti kilichoviringishiwa kitambaa. Mwashi alililainisha ndani kwa saruji tupu mpaka mkono ukateleza. Tukalifunika magunia mabichi, na kwa siku zote za kukauka kwake mama alilimwagilia asubuhi na jioni kama mche wa mchikichi. Magunia yalipoondolewa, alimuuliza mwashi swali lake.

"Hili linabebwa na watu wangapi?"

"Hili halibebwi, mama. Hili hata mimi niliyelijenga siliwezi."

Alicheka kicheko ambacho sikukifahamu, cha msichana, cha mtu aliyekuwepo kabla ya mtumbwi.

Jioni ya kwanza nilibeba maji mpaka mabega yakawaka. Tulichemsha kwenye sufuria la kuazima kwa jirani anayekamua mawese, moto wa maganda ya kokwa za michikichi, unaowaka kwa hasira na kunukia. Tulizungushia khanga kwenye kamba. Mama aliingia taratibu, mguu mmoja, kisha kimya, kisha wa pili. Nilikuwa upande wa pili wa khanga na ndoo mkononi. Sikumwona. Nilisikia tu maji yakipanda na kumkubali, halafu pumzi moja ndefu sana, ndefu kama njia, na mwishoni mwake neno moja la Kirundi ambalo sikulijua na ambalo sijawahi kumuuliza. Moshi ulikuwa unapita juu ya ukuta. Niliwaza kwamba sasa tumefika. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba hatujafika, lakini jioni ile nililihisi hilo miguuni.

Majirani walikuja kuona, wengine na utani wao. "Mrundi anachemshwa huko," aliita mmoja kutoka barabarani, na mama akamjibu kutoka ndani ya maji, "Leta chumvi." Bibi mwenye nyumba alikuja pia. Alikaa ukingoni, akainua gauni lake, akatia miguu. Alifumba macho.

"Mwanangu," alisema, "umeipandisha nyumba."

Mama aliona ni shukrani. Tangu siku hiyo, Ijumaa maji yalikuwa ya bibi kwanza, kisha ya mama. Nyonga ilianza kulainika. Aliweza kuinuka kutoka kigodani bila kutafuta kitu ukutani.

Lakini miezi ile Kigoma ilikuwa imejaa. Kila shirika lilileta watu wake, na watu hao walitoka Arusha, Mwanza, Dar es Salaam, vijana wenye elimu na vizibao vyenye mifuko mingi, nao walihitaji pa kulala. Nyumba zikawa adimu kama chumvi wakati wa vita. Wenye nyumba walioishi miaka yote na wapangaji wao waligundua ghafla kwamba wana ndugu wanaokuja, au paa linalotaka kubomolewa. Tulisikia habari hizo za Mwanga, za Gungu, za mjini. Tulizisikiliza kama habari za mvua ya mahali pengine.

Jioni moja nilikuwa napeleka ndoo ya mwisho, mama yumo ndani, nilipomwona bibi akiingia uwani na kijana mmoja wa vizibao. Alikuwa anamtembeza. Alimwonyesha kisima, alimwonyesha mgomba.

"Na huku," bibi akasema, akinyoosha mkono kuelekea khanga yetu, "kuna hodhi la maji ya moto. Mjini kote hulipati."

"Hodhi kabisa?"

"Tulijenga mwaka huu huu. Tumetia na nondo."

"Kuna mtu?"

"Mpangaji tu. Anamaliza."

Kijana alikuwa na malezi. Alirudi nyuma hatua moja, akageuza uso, na kuielekezea khanga heshima yake. "Shikamoo, mama."

Maji yalitulia kabisa. Nilisubiri. Moto ulipasuka chini ya sufuria.

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu kutoka ndani. "Karibu."

Aliendelea kukaa humo baada ya wao kuondoka, mpaka maji yakapoa, mpaka yakawa baridi, nami nimesimama pale na ndoo yangu ya moto isiyotakiwa.

Bibi alikuja siku mbili baadaye na sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Hakugombana. Angegombana ningemsamehe mapema zaidi. Alikaa mahali pake pa siku zote na kuongea na kikombe chake.

"Dunia imepanda, mwanangu. Mimi mjane. Huyu kijana analipa kwa miezi mingi mbele, na anafanya kazi nzuri, anawasaidia hao watu wenu."

Watu wenu. Nilimwangalia mama. Alikuwa anakunja ncha ya khanga yake na kuikunjua.

"Na siku hizi wanauliza uliza watu," bibi akaendelea. "Huyu katoka wapi, yule ana karatasi gani. Mimi sijawahi kukuuliza, Mungu ni shahidi. Nisingependa wakukute kwangu ukapata aibu."

Mama alikuwa mke wa Mtanzania, na cheti chake cha ndoa kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine. Angeweza kusema hivyo. Hakusema. Baba ndiye aliyesema. Alieleza saruji, nondo, mawe, fundi, kwa sauti ya chini anayoitumia kwa injini iliyokataa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, na nadhani kweli aliona anatenda haki alipojibu.

"Hodhi ni lenu. Sijakataza. Lichukueni."

Siku ya kuhama vyombo vyetu vilikuwa barabarani kabla jua halijapanda, kila kimoja mzigo wa kichwa cha mtu mmoja. Tulikuwa tunakwenda Katonga, kwenye vyumba viwili karibu na mchanga wa dagaa, karibu na baridi. Nilirudi ndani kuangalia kama kuna kitu kimesahaulika, na nikasikia mlio uwani.

Mama alikuwa ndani ya hodhi kavu, kapiga magoti, na nyundo nzito ya baba ya kugongea ekseli. Alipiga ukingo. Alipiga sakafu. Nyundo iliruka nyuma kila mara kama imetukanwa. Alihamia kwenye kona, mahali pembamba kuliko pote, akapiga hapo kwa mikono miwili, na kikatoka kipande kidogo kama punje ya mahindi. Chini yake chuma kilionekana, zile nondo za gati, zimeshikwa na saruji aliyosema iongezwe. Kutoka nyumba ya pili redio ya bibi ilipandishwa sauti. Mtangazaji alikuwa anasoma bei za mazao.

"Mwashi hakuwa mwongo," mama alisema aliponiona. Alikuwa anahema. "Alisema hata yeye haliwezi. Nilidhani anasifia kazi yake."

Akainua nyundo tena, na ndipo nyonga ilipomkatalia, hakuweza kuinuka wala kukaa. Baba alikuja akamtoa nyundo mkononi kwanza, kisha akamtoa yeye, akimshika chini ya makwapa kama anavyotolewa mtu kwenye mtumbwi. Mama hakulia. Alijipangusa vumbi la saruji kwenye magoti. Alipotoka barabarani alizungusha ngata, akainama kwa shida, na baba akamtwisha.

Yule kijana simchukii. Nimejaribu, na ningependa kuweza. Nilimwona mara kadhaa sokoni akinunua mkaa wa kuchemshia maji yake, na mara zote aliniamkua kwanza, akaniuliza habari za mama yangu, ambaye hajawahi kumwona uso. Asubuhi gari lilimchukua kwenda kambini, kuwatafutia mahali pa kulala watu waliotoka Burundi. Jioni lilimrudisha kwenye hodhi.

Wiki chache baada ya kuhama, baba alirudi kutoka Mwanga amebeba lile beseni la bluu kichwani. Kijana wa duka alisema kweli, kila mtu hurudi. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Aliligeuza, akaligonga, akaliinua kwa mkono mmoja. Kisha akaliweka kichwani, akavuka uwanja wetu mdogo akiliachia, mikono ikining'inia, nyonga ikimvuta upande, mpaka kwenye mlango, na beseni halikuyumba.

"Zuri," alisema.

Tukasubiri achemshe maji. Hakuchemsha. Alizikunja nguo zetu nzuri moja moja akazipanga humo, juu yake akaweka ule mfuko wa cheti, akafunika kwa khanga na kulisukuma nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu anayetoka kwa haraka mkono wake utafika kwanza. Liko hapo mpaka leo. Halijawahi kuguswa na maji.